Buriani ya Mwalimu Ugenini



Katika lugha yetu mna maneno mengi ya kuachana. Twasema kuaga, twasema kuagana, twasema kwaheri, na wazee wa pwani husema buriani. Neno hili la mwisho lina maana ambayo vijana wengi wa siku hizi hawaijui. Watu wakipeana buriani, hawapungiani mikono tu, bali huombana radhi. Anayekwenda husema, "Kama nilikukosea, nisamehe," na anayebaki hujibu vivyo hivyo, maana hakuna ajuaye kama wataonana tena. Basi buriani ni hesabu inayofungwa kabla ya safari, kama karani afungavyo kitabu chake mwisho wa mwezi, ili mwenzake atakayeshika kalamu baada yake asikute deni lisilo na maelezo.

Juma hili nataka kulisema jambo hili kwa ajili ya walimu. Kila mwaka vijana kadhaa wa Kenya huvuka bahari kwenda kufundisha. Wako wanaochukuliwa na mpango wa Fulbright wa serikali ya Marekani, wakasaidie kufundisha Kiswahili katika vyuo vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani kadiri ya miezi tisa. Wengine hufundisha katika nchi jirani, na wengine mbali zaidi. Habari za kwenda kwao twazisikia sana: jamaa wamejaa kiwanjani, picha zimepigwa, maombi yamefanywa, na mama analia. Habari za kurudi kwao hatuzisikii vile. Lakini iko siku moja katikati ambayo kila mmoja wao hana budi kukutana nayo, nayo ni siku ya kuwaaga rafiki aliowapata huko.

Siku hiyo ni ngumu kuliko ile ya kwanza. Mtu aondokapo kwao huwaaga watu akijua kwamba atarudi kwao. Aondokapo ugenini huwaaga watu ambao pengine hatawaona tena maisha yake yote, ingawa amekula nao, amecheka nao, na wamemwuguza alipopatwa na homa ya baridi. Ndiyo sababu wengi huikwepa. Yuko yule afungaye mizigo kimya kimya na kuondoka alfajiri, akisema hawezi kuona machozi. Yuko yule anayeshughulika na kununua vitu hata saa ya mwisho, asipate nafasi ya kumpa mtu mkono. Na yuko yule anayemwahidi kila mtu, "Nitarudi mwakani," hali moyoni anajua kwamba hatarudi. Mimi nasema kwamba wote watatu wameiacha kazi kabla haijaisha. Kuaga ni sehemu ya kazi ya mwalimu, kama kusahihisha madaftari. Nami nitaleta mashahidi, wote wa nchi ya Japani, kwa sababu nchi hiyo iliwaajiri walimu wengi wa kigeni na kuzihifadhi vizuri habari zao.

Shahidi wa kwanza atawapendeza wakulima. Jina lake ni William Smith Clark, Mmarekani wa jimbo la Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1826. Alisomea elimu ya kemia Ujerumani, akawa mwalimu wa chuo, akapigana vitani kwao hata akapata cheo cha kanali, kisha akawa mkuu wa Chuo cha Kilimo cha Massachusetts. Wakati huo serikali ya Japani ilikuwa ikitaka kufungua mashamba katika kisiwa cha kaskazini kiitwacho Hokkaido, ambako baridi ni kali na theluji hukaa miezi mingi. Yafaa tukumbuke kwamba nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya watu waitwao Waainu, nao walipoteza ardhi nyingi kwa sababu ya kazi hiyo. Hilo ni jambo zito ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa. Lakini leo tunamtazama mwalimu na wanafunzi wake.

Clark alipewa ruhusa ya mwaka mmoja na chuo chake, akaenda Japani mwaka 1876. Alifika mji wa Sapporo mwishoni mwa mwezi wa Julai, na tarehe 14 Agosti chuo kipya cha kilimo kikafunguliwa. Alikuwa na wasaidizi wawili vijana, William Wheeler na David Penhallow, ambao wote wawili walikuwa wamesoma katika chuo chake kule Massachusetts. Walifundisha kwa Kiingereza: kemia, mimea, hesabu, na kazi ya shamba. Palijengwa zizi na ghala kubwa kwa mfano wa Marekani, nalo lingali linaonekana hata leo katika uwanja wa chuo kikuu cha pale.

Inasimuliwa kwamba siku moja ya majira ya baridi Clark aliwapandisha wanafunzi mlimani ndani ya theluji. Akaona kuvu la mti ambalo hakuwahi kuliona, nalo lilikuwa juu, mkono haufiki. Basi mkuu wa chuo akapiga magoti na kuweka mikono yake chini thelujini, akamwamuru mwanafunzi mmoja apande juu ya mgongo wake na viatu vyake, alichume. Kwa desturi za Japani za zamani zile, mwanafunzi kumkanyaga mwalimu wake lilikuwa jambo la kutisha. Nadhani wanafunzi wale walijifunza zaidi kwa mgongo ule kuliko kwa kitabu cha mimea.

Alikaa Sapporo miezi minane tu. Tarehe 16 Aprili 1877 akaondoka. Walimu na wanafunzi hawakumwaga mlangoni mwa chuo. Walipanda farasi wakamsindikiza mwendo wa zaidi ya kilomita 20, mpaka mahali paitwapo Shimamatsu. Mahali hapo pana sifa nyingine kwa wakulima, maana hapo ndipo mkulima mmoja aitwaye Nakayama Kyuzo alipofaulu kuvuna mpunga mwaka 1873, wakati ambapo wengi walisema mpunga hauwezi kuota katika baridi ile. Hapo wakateremka, wakapumzika pamoja.

Mmoja wa wanafunzi, Oshima Masatake, alisimulia baadaye yaliyotokea. Clark alimpa kila mmoja mkono. Akawaomba wamwandikie, ijapokuwa ni kadi moja tu ya posta. Kisha akapanda farasi wake, akasema maneno machache ya kuwatia moyo vijana wawe na nia kubwa maishani, akampiga farasi mjeledi, akatoweka. Maneno yale sasa yanajulikana na kila mtoto wa shule wa Japani, nayo ni matatu tu kwa Kiingereza. Hayakuandikwa siku ile. Yalichapishwa miaka mingi baadaye, na wataalamu wamebishana kama aliyasema hivyo hasa, au aliongeza mengine, au hakuyasema kabisa. Mimi sioni kwamba ubishi huo unaharibu kitu. Watu walikumbuka kwamba mwalimu wao alisema kidogo, akaenda zake. Hotuba ndefu ya kuaga nani aikumbukaye?

Sasa tuulize: kwa nini siku ile ilikumbukwa? Walimu wengi wa kigeni walikuja Japani wakaondoka, na hakuna azungumzaye habari za kuondoka kwao. Nadhani sababu haiko Shimamatsu. Iko katika mambo aliyoyatengeneza kabla ya kupanda farasi.

Kwanza, kazi ilikuwa na mwenyewe. Wheeler alibaki akashika ukuu wa chuo. Penhallow alibaki. Na mwalimu wa tatu, William Brooks, alikwisha kufika mapema mwaka ule wa 1877, naye akakaa mpaka 1888 akifundisha kilimo. Mwanafunzi aliyerudi darasani baada ya Shimamatsu hakukuta kiti kitupu.

Pili, wanafunzi walikwisha kupewa jambo la kushika wao kwa wao. Clark alikuwa mtu wa dini, naye aliandika maagano ya imani ambayo wanafunzi waliyatia sahihi mwezi wa Machi 1877. Sineni habari ya imani hapa, nasema habari ya kazi. Wanafunzi wa mwaka wa pili walipofika, Clark alikuwa amekwisha ondoka. Hata uso wake hawakuuona. Lakini wakubwa wao waliwashika na kuwaambia mambo yote aliyoyafundisha, hata wengi wao wakatia sahihi maagano yale yale. Miongoni mwa hao walikuwamo Nitobe Inazo, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wakuu wa ofisi ya Shirikisho la Mataifa kule Geneva. Uchimura Kanzo, mwandishi mashuhuri. Na Miyabe Kingo, mtaalamu wa mimea. Watu hawa huitwa wanafunzi wa Clark, hali hakuwafundisha hata siku moja. Na mwanafunzi wake mwenyewe, Sato Shosuke, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza chuo kilipofanywa kuwa Chuo Kikuu cha Hokkaido mwaka 1918.

Tatu, aliomba kadi ya posta. Ombi hilo ni dogo, na kwa sababu ni dogo, laweza kutimizwa. Barua zilikwenda na kurudi kati ya Amherst na Japani baada ya siku ile.

Mwisho wa Clark mwenyewe haukuwa mzuri. Aliuacha ukuu wa chuo kwao mwaka 1879, akaingia katika biashara ya machimbo, na kampuni yake ikaanguka mwaka 1882. Watu walipoteza fedha, jina lake likachafuka. Akafa mwaka 1886. Inasimuliwa kwamba karibu na kufa kwake alisema kuwa miezi ile minane ya Sapporo ndiyo iliyompa faraja katika maisha yake. Mtazame mtu huyu: amekuwa kanali, amekuwa mkuu wa chuo, ametafuta mali akaikosa, na kilichobaki mkononi mwake ni wanafunzi waliompeleka kwa farasi mpaka Shimamatsu.

Shahidi wa pili ni Lafcadio Hearn, mwandishi aliyezaliwa kisiwani Ugiriki na kulelewa Ireland, ambaye alifika mji mdogo wa Matsue mwaka 1890 kufundisha Kiingereza. Alikaa muda wa mwaka na zaidi kidogo. Alimwoa mwanamke wa pale, Koizumi Setsu, na baadaye akawa raia wa Japani kwa jina la Koizumi Yakumo. Baridi ya Matsue ilimshinda, naye mwezi wa Novemba 1891 akahamia shule nyingine katika mji wa Kumamoto, kusini. Aliandika habari za kuaga kwake katika kitabu alichokitoa mwaka 1894. Walimu wenzake walimpa vyombo vya kuwekea maua, vya kazi nzuri sana. Wanafunzi wakamletea upanga wa Kijapani. Na siku ya safari wakajipanga kumsindikiza mpaka penye meli.

Upanga ule wanifikirisha. Wanafunzi wale hawakumpa mgeni kitu cha kigeni ili kumfurahisha. Walimpa kitu cha kwao chenye heshima, kana kwamba wanasema, "Sasa wewe ni mtu wetu." Zawadi ya kuaga ipimwe hivyo. Bei si kitu.

Shahidi wa tatu ndiye anayenihuzunisha. Hapa anayeondoka si mwalimu, ni mwanafunzi. Lakini somo lake latufaa sote. Mwaka 1904 kijana Mchina aliyekuja kujulikana baadaye kwa jina la Lu Xun aliingia shule ya udaktari katika mji wa Sendai. Alikuwa mgeni, Kijapani kinampiga chenga. Mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili, jina lake Fujino, alimtaka amletee daftari lake kila juma, akalisahihisha kwa wino mwekundu, hata makosa ya lugha. Mwaka 1906 kijana akaamua kuacha udaktari. Alipokwenda kuaga, Fujino alimpa picha yake, na nyuma ya picha ameandika maneno ya huzuni ya kuachana. Akamwomba naye ampelekee picha, tena amwandikie mara kwa mara.

Lu Xun hakuandika. Mwenyewe alieleza sababu katika makala aliyoitunga mwaka 1926. Mwanzoni hakuwa na picha ya kufaa. Tena mambo yake hayakuwa yakiendelea vizuri, akaona habari zake zitamvunja moyo mwalimu. Miaka ikapita, na kadiri ilivyopita, ndivyo barua ilivyozidi kuwa ngumu kuanza. Picha ya mwalimu aliitundika ukutani mbele ya meza yake ya kuandikia, akaitazama usiku alipochoka, na barua isiandikwe. Lu Xun alifariki mwaka 1936, akiwa mwandishi mkuu wa China. Fujino aliishi mpaka 1945. Basi kwa miaka 30 wote wawili walikuwa hai, na posta ilikuwapo.

Wapo watakaosema, "Mambo hayo ni ya zamani za farasi na meli. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni. Tutaonana kila siku kwa picha, kuna haja gani ya kuaga?" Namjibu kwa habari ya Lu Xun. Hakikukosekana chombo cha kupelekea habari. Kilichomfunga mkono ni haya, na haya haikuondolewa na simu. Bali huenda simu imeizidisha, maana mtu ajuapo kwamba angeweza kuandika leo, na jana, na juzi, kila siku inayopita inamshitaki. Kijana arudipo nyumbani kutoka Marekani akakaa miezi mingi bila kazi, je, atawaandikia rafiki wa kule waliomtabiria mambo makubwa? Mara nyingi hanyamazi kwa kuwa amesahau. Hunyamaza kwa kuwa hana habari njema. Basi atuwekee neno hili kichwani: rafiki hawakuomba habari njema. Waliomba habari.

Sasa, ndugu mwalimu uliye ugenini, nitakupa mashauri machache, kwa utaratibu.

La kwanza, itangaze siku ya kuondoka mapema, tena taja tarehe. Katika vyuo vya Marekani masomo ya mwaka huisha kwa kawaida mwezi wa Mei, na wanafunzi hutawanyika mara tu wamalizapo mtihani wao wa mwisho. Mmoja huondoka Jumatatu, mwingine Alhamisi. Ukingoja mtihani uishe ndipo uage, utaziaga kuta. Waage wiki ya mwisho ya masomo, wakiwa wote darasani.

La pili, kabidhi kazi. Sisi makarani tunajua kwamba mtu akihamishwa huandika orodha ya mafaili, funguo, na mambo ambayo hayajaisha. Mwalimu naye aandike: darasa limefika wapi, mwanafunzi yupi ana shida ya matamshi, yupi ana akili lakini ana woga, kitabu gani kilifaa na kipi hakikufaa. Kurasa tatu zatosha. Atakayekuja baada yako pengine ni Mkenya mwenzako, naye atakushukuru bila kukujua, kama mkulima anayekuta mitaro ya shamba imekwisha chimbwa kabla ya mvua.

La tatu, lipa na rudisha. Kitabu cha maktaba, koti uliloazimwa wakati wa baridi, sufuria ya jirani, dola ishirini za rafiki. Usiseme ni vitu vidogo. Mwenzako hatakudai kwa kuwa anakuonea haya, lakini kila alionapo jina la nchi yako atalikumbuka koti lake. Na kama palikuwa na ugomvi, hapa ndipo mahali pa buriani ya wazee wetu. Nenda ukaseme.

La nne, zunguka. Usiwaage wakubwa peke yao. Kuna mfagiaji aliyekuamkia kila asubuhi, mama wa jikoni aliyekuongezea chakula, dereva wa basi, mzee wa nyumba uliyopanga. Hao hawaalikwi kwenye karamu ya kuagana, kwa hivyo wafuate walipo. Dakika moja kwa kila mtu, mkono na jina lake. Mwalimu akifanya hivi, watu wale husema miaka mingi baadaye, "Aliwahi kuwapo hapa Mkenya mmoja." Hakuna balozi apitaye huyo.

La tano, usiwahukumu wenyeji kwa desturi zetu. Kwetu mgeni husindikizwa. Twamtoa mpaka njia panda, na wakati mwingine huyo aliyetolewa naye hurudi kidogo kumsindikiza mwenyeji, hata giza likaingia wote wawili wako njiani. Wamarekani wengi huagana mlangoni kwa maneno machache. Karamu yao ya kuagana huenda ikawa kila mtu aje na chakula chake, mkala pamoja saa mbili, kisha kila mtu akaenda zake. Usidhani wamekuchoka. Yule aliyechukua likizo ya nusu siku akupeleke kiwanjani kwa gari lake amepanda farasi mpaka Shimamatsu.

La sita, usiahidi usichoweza. Usiseme "nitarudi" kama hujui. Sema, "Milima haikutani, lakini binadamu hukutana." Methali hii haidanganyi mtu, wala haimfungi mtu matumaini.

La saba, andika barua ya kwanza kabla ya mwezi mmoja kwisha tangu kufika nyumbani. Iwe fupi. Eleza mvua imenyeshaje, mama hajambo, mahindi yamefika magotini. Ukipita mwezi wa kwanza bila kuandika, kumbuka ile picha ukutani.

Nisiwasahau walio nyumbani, maana sisi nasi hupokea walimu wa kigeni na kuwaaga. Kuanzia mwaka 1961 Wamarekani wengi waliletwa Kenya, Uganda na Tanganyika kufundisha katika shule za sekondari, kwa mpango ulioitwa Walimu kwa Afrika ya Mashariki. Na mpaka leo wageni wa namna mbalimbali wanakuja na kuondoka. Je, tunawaagaje? Mara nyingi nimeona sherehe ambayo mwenyekiti alisema, mwakilishi wa wazazi akasema, diwani akasema kuliko wote, wanafunzi wakasimama juani saa tatu, na mwalimu mwenyewe anayeaga akapewa dakika mbili kwa kuwa gari linangoja. Hiyo si sherehe yake. Mpeni nafasi akae na darasa lake peke yao kwa kipindi kizima, bila wageni wa heshima.

Na zawadi tuzifikirie. Mgeni ana sanduku lenye kipimo cha uzito, na mashirika mengi ya ndege hayampi zaidi ya kilo 23 kwa sanduku moja bila malipo. Kigoda cha mti mzito na ngao kubwa vitabaki kiwanjani, na moyo wake utabaki navyo kwa aibu. Kiondo kilichosukwa na mama wa pale pale kijijini, au leso yenye maneno yaliyochaguliwa kwa akili, vyakunjwa na kuchukuliwa mkononi. Tena kila atakapokitumia kwao, ataulizwa kimetoka wapi, naye atasimulia.

Kisha tumsindikize. Si lazima wote. Wawili watatu watoke naye, wamwone akipanda gari. Mtu huyu aliacha kwao akaja kuwafundisha watoto wetu. Akiondoka peke yake na mizigo yake begani, kama mwizi au kama mtu aliyefukuzwa, tumejivunjia heshima sisi wenyewe, na watoto wanaona.

Methali yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu wa ugenini amepewa jembe, amelilima shamba, na sasa msimu umekwisha. Mkulima mwema hatupi jembe shambani likaliwe na kutu. Hulifuta udongo, hulirudisha kwa mwenyewe, humwonyesha mahali alipokomea kulima, ndipo ashike njia. Wale watakaovuna pengine hawatamwona, kama Nitobe na wenzake wasivyomwona Clark. Lakini wakikuta mstari wa mwisho umelimwa sawa na ule wa kwanza, watajua kwamba hapa alipita mtu.